Mbio za Watoto Katika Mwaka wa Korona

Muhula wa kwanza katika shule za Kenya, tangu zamani, aghalabu ndio muhula wa riadha. Mwalimu wa michezo huamka alfajiri, akachukua ndoo ya chokaa na kamba iliyofungwa kwenye vigingi viwili, akapiga njia sita au nane juu ya nyasi ambazo juzi tu zilikuwa malisho ya ng'ombe wa jirani. Na kabla jua halijapanda, watoto, wengi wao miguu mitupu, huwa wamekwisha kujipanga nyuma ya mstari wakingoja vibao viwili vigonganishwe. Mshindi wa shule huenda kwenye kanda, wa kanda huenda kwenye kaunti ndogo, kisha kaunti, kisha mkoa, kisha taifa. Na ngazi hii, isiyodai viatu vya misumari wala ada ya uanachama, ndiyo iliyompandisha mtoto wa mchungaji na mtoto wa mkulima mpaka jina lake likasikilikana London na Tokyo. Mwaka 2020 ngazi hiyo ilikatika, na naona kwamba habari yake haijasimuliwa kama inavyostahiki, kwa sababu waliosimulia walishughulishwa na wakubwa, na Olimpiki zilizoahirishwa na marathoni zilizofutwa, watoto wakasahauliwa.

Asili ya desturi hii ni ya kikoloni. Shule za misheni na za serikali zilileta mbio za yadi na mashindano ya vikombe kwa madhumuni ya kufundisha utii na nidhamu, ingawa wanafunzi waliyapokea kwa sababu zao wenyewe, ambazo hazikuwa utii. Mafua makuu yalipoteremka Mombasa kwa meli mnamo Septemba 1918, yakapanda bara pamoja na wasafiri wa reli na wapagazi waliokuwa wakirejea kutoka vitani, shule zilikuwa chache mno hata hapakuwa na michezo ya watoto ya kusimamishwa. Na kwa hiyo waba ule, pamoja na roho zote ulizochukua, haukuiachia nchi kaida yoyote ya kuendesha mbio za watoto wakati wa maradhi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, ofisa wa michezo wa koloni, Archie Evans, alipanga mashindano wilaya kwa wilaya, na mwaka 1951 kikaundwa chama cha riadha cha nchi. Miaka mitatu baadaye Nyandika Maiyoro na Lazaro Chepkwony walikimbia White City, London, mbele ya umma uliokuwa haujawahi kufikiri kwamba Mwafrika aweza kukimbia mbio ndefu. Na mwaka 1962, kule Perth, Seraphino Antao, kijana wa Mombasa, alitwaa dhahabu mbili za Jumuiya ya Madola, ya yadi 100 na ya yadi 220. Mwaka 1976 Bruda Colm O'Connell aliwasili Iten kutoka Ireland kufundisha jiografia katika shule ya St. Patrick's, na kutoka mikononi mwake wakatoka mabingwa mmoja baada ya mwingine hata akafikia David Rudisha. Nayataja haya ili ifahamike kwamba kusimamisha riadha ya shule katika nchi hii ni kufunga mlango ambao watu wengi hawana mwingine.

Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Kenya tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye ikaamriwa shule zifungwe, katikati ya muhula uleule wa riadha, na tarehe 27 ya mwezi huo ikaanza amri ya kutotoka nje usiku. Kambi za mazoezi za Iten na kwingineko zikafungwa, wanariadha wakatakiwa wakimbie mmoja mmoja, na wakubwa, kwa kuwa wana saa zao, makocha wao na akiba yao hata iwe ndogo, wakaweza kutii bila ya kupoteza kila kitu. Mtoto hakuwa na hali hiyo. Mtoto wa nyanda za juu hakimbii kwa sababu ameandikiwa ratiba. Hukimbia kwa sababu shule iko mbali na kengele haimngoji, akaenda asubuhi, akarudi kula mchana, akaenda tena na kurudi jioni. Na shule ilipofungwa, mazoezi yale ya kila siku, ambayo hakuna aliyepata kuyaita mazoezi, yakakoma siku moja na masomo.

Waliofunga shule hawakukosea kuogopa. Madarasa mengi yalikuwa na watoto wanaobanana watatu au wanne kwenye dawati moja, shule nyingi hazikuwa na maji ya bomba, na mtoto aliyeambukizwa pasipo kuonyesha dalili alikuwa akirudi jioni kulala nyumba moja na bibi yake. Lakini hofu ya darasa ni jambo moja, na hofu ya uwanja ni jambo jingine, nayo mambo haya mawili yalichanganywa tangu mwanzo, yakabaki yamechanganyika kwa muda mrefu kuliko ilivyopasa.

Kwani riadha, ukiitazama kwa utulivu, ni mchezo ulioumbwa kwa kutenganisha watu. Kila mkimbiaji wa mbio fupi ana njia yake yenye upana wa mita 1.22, mtupa tufe husimama peke yake ndani ya duara, mwenye kuruka huukimbilia mchanga akiwa pweke, na wenzake wakingoja zamu kwa umbali watakaopangiwa. Ni katika mbio ndefu tu ambapo watoto hufuatana kwa kundi, na hata hapo huwa katika hewa ya wazi, wakielekea upande mmoja, kwa dakika chache. Hatari ilikuwa pembezoni mwa uwanja, na aliyewahi kushuhudia mashindano ya kaunti anaijua bila ya kuelezwa: basi moja lililopakia watoto wa shule tatu, madirisha yamefungwa kwa baridi ya alfajiri, wote wakiimba, madarasa ya shule mwenyeji yaliyoondolewa madawati, magodoro yakatandikwa sakafuni yakigusana toka ukuta hata ukuta, wakalala humo siku tatu, pipa la maji lenye kikombe kimoja cha plastiki kilichofungwa uzi, foleni ya ugali na maharagwe, na pale kwenye utepe wa mwisho, walimu na wazazi waliosongamana kuiinamia meza ya mwandishi ili waone nani kaandikwa wa kwanza.

Mwanzoni watu waliviogopa vitu. Waliogopa kijiti cha kupokezana, waliogopa tufe lipitalo mkono hadi mkono, waliogopa godoro la kuangukia katika kuruka juu, na mahali pengi duniani ikashauriwa kila chombo kipanguswe dawa baada ya kila mtupo. Kadiri miezi ilivyopita ikadhihirika kwamba maradhi haya husafiri zaidi kwa pumzi, khususan ndani ya nyumba zisizopitisha hewa, kuliko kwa kugusa. Maana yake, kufungua madirisha ya basi kulikuwa na faida kubwa kuliko kupangusa mkuki, na kuwarudisha watoto makwao jioni kulikuwa na faida kubwa kuliko vyote. Ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni vilibaki na kazi yake, nami siidharau kazi hiyo, maana kunawa mikono kunaepusha maradhi mengine mengi ambayo hayakungoja korona; walakini tiba ya hatari ya mashindano ilikuwa katika kupunguza safari, malazi na msongamano, wala haikuwa lazima kuzipunguza mbio zenyewe.

Kwamba jambo hilo lawezekana kulionekana mapema. Tarehe 11 Juni 2020 ndugu wa Ingebrigtsen wa Norwe walikimbia mita 2,000 katika uwanja wa Oslo, na wakati uleule Timothy Cheruiyot na wenzake wakakimbia mita 2,000 katika uwanja wa Nyayo, Nairobi, chini ya mvua, ikahesabiwa kuwa ni mbio moja. Wanorwe walishinda. Kilichonishughulisha mimi ni kwamba hesabu ile ingaliweza kufanywa baina ya shule mbili za kanda moja, kila shule kwenye nyasi zake, mwalimu mmoja kila upande akishika saa na kupeleka matokeo kwa simu, pasipo basi wala godoro; na chombo kilichohitajika, ambacho ni saa na uaminifu, tayari kilikuwapo.

Mambo hayakwenda hivyo. Mnamo Septemba 2020 Wizara ya Michezo, chini ya Waziri Amina Mohamed, iliruhusu michezo isiyo ya kugusana irejee kwa masharti, na tarehe 3 Oktoba watu wazima walikuwa wakishindana Nyayo katika mbio zilizopewa jina la Kipchoge Keino. Tarehe 12 mwezi huo wanafunzi wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne wakarudi madarasani, na waliobaki wakarudi tarehe 4 Januari 2021. Wakarudi kwenye chumba, ambako ndiko kwenye hatari, na mashindano ya shule kwa shule, ambayo yangeweza kupangwa nje, yakabaki marufuku. Kisha tarehe 26 Machi 2021 michezo yote ikasimamishwa tena kwa muda. Mpango huu naona ulikwenda kinyumenyume.

Mwezi wa Agosti 2021 ulionyesha kipimo kingine. Mashindano ya dunia ya vijana wasiotimiza miaka 20, yaliyokuwa yafanyike Nairobi Julai 2020, yalifanyika katika uwanja wa Kasarani, mjini humo, kuanzia tarehe 17 hata 22, vijana wakipimwa, wakitengwa kwenye malazi yao, na umma ukizuiwa kuingia. Waliokuwapo Kasarani mwaka 2017, katika mashindano ya walio chini ya miaka 18, wanakumbuka uwanja ule wa viti takriban 60,000 ulivyofurika siku ya mwisho. Sasa vijana walikimbia mbele ya viti vitupu, na Marekani, Japani na Australia hazikuleta timu. Na kijiti kile kilichoogopwa hakikuachwa: mbio za mchanganyiko za mita 400 mara nne, wavulana kwa wasichana, ziliingizwa katika mashindano hayo kwa mara ya kwanza, Nigeria ikashinda. Emmanuel Wanyonyi, kijana wa miaka 17 aliyepata kuchunga ng'ombe utotoni mwake, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 43.76, rekodi ya mashindano. Na Kenya ikaongoza kwa dhahabu 8 katika medali 16. Kazi hiyo ilifanyika kwa fedha na vipimo ambavyo shule ya kata haiwezi kuvipata, lakini misingi yake, yaani makundi madogo, malazi yaliyotengwa na hewa ya wazi, ndiyo ileile, na miwili katika hiyo haina gharama.

Mwaka 2022 michezo ya shule ilirejea, na mwezi wa Machi mwaka huo sharti la barakoa likaondolewa. Lakini umri wa mtoto hauahirishwi. Olimpiki za Tokyo zilipocheleweshwa mwaka mmoja, mkimbiaji wa miaka 28 alikuja na miaka 29, haki yake iko palepale. Mashindano ya Kasarani yalipocheleweshwa mwaka uleule, waliozaliwa 2001 wakawa wamepita umri, na kwa wengi wao ile ilikuwa nafasi ya pekee. Na chini kabisa ya ngazi walikuwako watoto wa darasa la nane wa mwaka 2020, waliofanya mtihani wao wa mwisho Machi 2021 bila ya kukimbia mbio za kanda katika mwaka ambao mtoto wa shule ya msingi huwa na nguvu kuliko wote. Shule nyingi za upili humpa nafasi, na mara nyingine humsamehe karo, mtoto aliyefika mashindano ya mkoa. Walipoingia kidato cha kwanza Agosti 2021, walimu wa michezo waliowapokea hawakuwa na karatasi ya matokeo ya mwaka ule ya kuwaonyesha nani kati yao aliye mwepesi.