Ghala Limejaa, Mtoto Hakui: Historia ya Sahani ya Songwe

Ukishuka basi Tunduma asubuhi, cha kwanza kukupokea ni malori. Yamejipanga kuelekea Nakonde, upande wa Zambia, madereva wanapiga mswaki pembeni ya barabara, na mama lishe wameshabandika chai. Nyuma yao kuna magunia: mahindi, maharage, mchele wa Kamsamba, karanga. Huwezi kutazama mji huu ukadhani kuna mtu anayekosa chakula.

Sasa mwangalie mama aliyeshuka na debe la maharage kutoka vijijini Mbozi. Yupo kila siku ya soko, sura tu ndiyo inabadilika. Maharage yanakwenda yote kwa dalali, na jioni anarudi nyumbani na sembe, kichupa cha mafuta na pakiti ya biskuti za mtoto. Mfukoni kabaki na hela ya daftari. Hesabu yake ya pesa iko sawa kabisa. Ila kilichobaki nyumbani ni wanga mtupu, na chakula cha kujenga mwili kimeshavuka mpaka.

Utafiti wa lishe wa taifa wa mwaka 2018 ulikuta kwamba katika Songwe, watoto 43 hivi kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu. Kitaifa walikuwa 32 hivi. Dar es Salaam, ambako mahindi yanafika yakiwa kwenye roba, walikuwa 20 hivi. Mikoa mingine ya Nyanda za Juu Kusini ilikuwa na hali mbaya zaidi: Njombe, Rukwa na Iringa. Yaani mikoa inayolisha nchi ndiyo iliyoongoza kwa udumavu.

Watu hupenda kusema "ni umaskini tu", na umaskini upo kweli. Lakini bibi wa bibi zao walikuwa na pesa kidogo zaidi, na sahani zao zilikuwa na vitu vingi zaidi. Kilichotokea katikati kina historia yake.

Kabla ya mahindi kutawala

Mahindi si mwenyeji wa huku. Yalitoka Amerika, yakaletwa pwani na Wareno, na yakachukua karne nyingi kufika bara na kukubalika. Wanyiha wa Mbozi na Wanyamwanga wa upande wa Tunduma walikuwa watu wa ulezi. Walikata matawi ya miti, wakayachoma, wakapanda ulezi kwenye jivu. Kule chini Momba kwenye joto, mtama na uwele viliwafaa zaidi.

Ulezi una madini ya chokaa mengi kuliko nafaka nyingine zinazolimwa huku, una chuma, na unakaa ghalani miaka bila kuliwa na wadudu. Pembeni ya ugali wake kulikuwa na maharage, majani ya maboga, majani ya kunde, mlenda, uyoga wa masika na kumbikumbi. Nyama ilikuwa ya siku maalumu. Hakuna aliyeiita hiyo "lishe bora". Ilikuwa mboga tu, iliyochumwa bure au kwa jasho.

Halafu kulikuwa na kimea. Ulezi unalowekwa, unafunikwa mpaka uote, unaanikwa, unasagwa. Wengi wanakijua kwa pombe na togwa. Lakini unga huo huo, kijiko kimoja tu kikitiwa kwenye uji mzito, uji unalegea palepale na mtoto anaweza kuunywa. Miaka ya 1980 watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, wakisaidiana na wenzao wa Sweden, walipima jambo hilo maabara. Tumbo la mtoto ni dogo. Uji mwepesi wa kawaida umejaa maji, uji mzito hamalizi. Kimea kinamwezesha kupata unga mwingi kwenye kikombe kilekile. Wanawake waliogundua hili hawamo kwenye kitabu chochote.

Serikali, reli na sembe

Mwaka 1973 na 1974 mvua ziligoma, na hali ikazidi kuwa ngumu kwa kuwa ndio wakati watu wengi walikuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa. Nchi ikaagiza chakula nje, na wazee bado wanakumbuka unga wa mahindi ya njano kutoka Marekani, maarufu kama yanga. Baada ya hapo serikali ikaamua: hatutaomba tena. Mwaka 1975 ikaja kampeni ya Chakula ni Uhai, watu wakikaa kwa makundi kusikiliza redio. Mbolea ya ruzuku ikaletwa, na mahindi yakanunuliwa kwa bei moja nchi nzima. Mkulima wa Mbozi, aliye mbali kabisa na Dar es Salaam, akapata bei sawa na wa jirani. Mwaka 1976 reli ya TAZARA, inayopita Tunduma, ikakabidhiwa rasmi.

Matokeo yake yalikuwa makubwa. Nyanda za Juu Kusini, zilizokuwa pembezoni, zikawa ghala la taifa. Watu walijenga nyumba za bati na kusomesha watoto kwa mahindi, na hilo lisibezwe. Ila shamba la ulezi likapungua, kwa sababu ulezi haukuwa na ruzuku.

Kule mjini nako, serikali ilipunguza makali ya bei ya sembe mpaka mwaka 1984. Sembe nyeupe ikawa chakula cha mtu aliyestaarabika, dona likaachwa kwa wafungwa na wanafunzi wa bweni. Mtindo huo ukarudi vijijini pamoja na mashine za kukoboa. Na kukoboa ni kutoa ganda na kiini, mahali penye vitamini B, mafuta na sehemu kubwa ya madini. Mtu analipia kukoboa, kisha pumba zinazobaki anapewa nguruwe. Kumbe nguruwe ndiye aliyekuwa anakula vizuri.

Pale Iringa walipojaribu

Kuanzia mwaka 1983, mkoani Iringa, vijiji 168 viliingia kwenye mpango wa lishe uliosaidiwa na UNICEF na WHO. Hawakugawiwa vyakula vya kopo. Watoto walipimwa uzito kijijini, mbele ya wazazi wao, na kamati ikakaa kuuliza: kwa nini huyu hakui? Majibu yakawa ya aibu kidogo. Chakula kipo, ila mama yuko shamba kutwa, mtoto anakula mara mbili kwa siku, na debe la mwisho limeuzwa bila yeye kuulizwa. Ndani ya miaka 4 hivi, utapiamlo mkali ulishuka kutoka asilimia 6 hivi hadi chini ya 2.

Somo hilo bado linaisubiri Songwe. Mkoa ulizaliwa mwaka 2016 ukitokea Mbeya, na mambo yameanza kusogea: utafiti wa 2022 ulionyesha udumavu umeshuka hadi asilimia 32 hivi. Ni hatua kubwa. Bado ni karibu mtoto mmoja kati ya watatu.

Turudi kwa yule mama wa stendi

Akibakiza sado moja ya maharage kabla ya kupanda basi, haitambadilishia maisha ya mfukoni, lakini itaonekana kwenye sahani. Mahindi yaliyokauka vizuri, yasiyo na ukungu, akiyasaga bila kukoboa anaokoa hela ya mashine. Majani ya maboga yapo nyuma ya nyumba. Dagaa wakavu wa fungu dogo, wakisagwa pamoja na karanga, wanatosha uji wa mtoto siku kadhaa. Hela ya biskuti inanunua mayai. Kimea ni kazi ya mikono.

Tatizo ni kwamba mikono yenyewe ni yake peke yake, ileile inayopalilia, inayoteka maji na kubeba debe hadi barabarani. Ndiyo maana kumwambia "kula vizuri" bila kumgusa baba mwenye funguo za ghala ni kelele tu. Sado hiyo inabaki au inauzwa kwenye mazungumzo ya watu wawili, usiku, kabla gunia halijashonwa.

Kwenu je, nani huamua kinachouzwa na kinachobaki?