Dhahabu ya Sekenke na Mshahara wa Askari

Mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikiendelea, karakana ya reli huko Tabora iligeuzwa kiwanda cha kupiga sarafu. Manowari za Waingereza zilikuwa zimeifunga pwani, fedha kutoka Ulaya hazifiki, na serikali ya Wajerumani, iliyokuwa imehamia bara, ilihitaji fedha ambayo watu wangekubali kuipokea. Maganda ya risasi na mizinga yaliyeyushwa yakawa sarafu ndogo za heller, za shaba nyeupe na nyekundu. Dhahabu ilitoka kwetu, Sekenke. Ikapigwa sarafu ya rupia 15: upande mmoja tembo mbele ya milima, upande wa pili tai wa dola ya Ujerumani. Zilitoka zaidi ya 16,000. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora, na kazi ikaishia hapo.

Mimi nimezaliwa Iramba, pale barabara ya Singida kwenda Nzega inapoteremka mlima Sekenke na kuingia mbuga ya Wembere. Marehemu baba alikuwa mwanaapolo, mchimbaji mdogo wa dhahabu. Nimekua nikisikia karasha zikisaga mawe mchana kutwa, na nimewaona akina mama wakiosha mchanga kwenye mwalo hadi vidole vinakunjamana. Najua mtu anavyoweza kushuka duarani, yaani shimoni, msimu mzima akapanda na pointi chache za dhahabu, akazigawa kwa mwenye duara, mwenye karasha na mwenye duka, akabaki na nauli. Ndiyo maana niliposoma habari za ile sarafu, nilichukua kalamu. Kila moja ilikuwa na gramu 7 na kidogo, robo tatu yake dhahabu. Zijumlishe zote: ni zaidi ya kilo 80 za dhahabu tupu. Kwa mtu wa machimboni, hesabu hiyo haipiti hivihivi. Unawaza mara moja waliolipasua jiwe.

Nimefundisha historia kwa miaka mingi, na Berlin, mji mkuu wa dola ile ya tai, nilikuwa nikiitaja darasani kila mwaka bila kuiona. Mdogo wangu alipokwenda kusoma huko akanialika, nikapata nafasi ya kwenda mwezi Januari. Kwetu Singida tunajua upepo wa Juni na Julai, ule unaomfanya mtu ajitande mashuka mawili. Ile ya Berlin ni baridi nyingine. Inapita kwenye soli ya kiatu. Saa mbili asubuhi kulikuwa bado hakujapambazuka vizuri, na saa kumi jioni taa za barabarani zilikuwa zimekwishawashwa. Nilimwuliza mdogo wangu jua linatoka lini. Akanijibu, "Dada, ndilo hilo. Funika masikio twende."

Nilimwomba anipeleke kwanza Wilhelmstrasse. Mkutano wa Berlin kuhusu Afrika nao ulikuwa wa majira ya baridi: ulifunguliwa tarehe 15 Novemba 1884 katika jumba la Kansela Bismarck, ukafungwa tarehe 26 Februari 1885. Wajumbe walitoka nchi 14, na Mwafrika hakuwemo hata mmoja. Siku iliyofuata, tarehe 27 Februari, Kaiser alitia saini hati ya kuilinda kampuni ya Carl Peters, iliyokuwa na mikataba yake ya Usagara, Nguru, Useguha na Ukami. Iramba haikutajwa humo. Lakini kutoka kwenye hati hiyo koloni lilitanuka hadi kwenye Maziwa Makuu, na siku dhahabu ilipoonekana Sekenke, mwenye ardhi alikuwa amekwishabadilishwa. Jumba lenyewe halipo tena. Kuna kibao cha kumbukumbu kando ya barabara, watu wanakipita wameinamisha vichwa kuukwepa upepo. Nilikisoma chote, theluji ikiniangukia mabegani.

Watu wa kwetu waliokaa katika baridi hiyo kabla yangu ni wengi. Amur bin Nasur wa Unguja alifundisha Kiswahili Berlin kuanzia 1891, akaandika habari zake mwenyewe, zikachapishwa mwaka 1894. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifika mwaka 1900 kwa kazi hiyohiyo. Lakini niliyemfuata mimi ni mwingine, kwa sababu habari yake inakutana na ile dhahabu.

Anajulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari wa Wajerumani. Vita ilipoanza 1914, baba na mwana wote waliingia jeshini; mtoto alikuwa na miaka 10 tu. Kwa hiyo mwaka ule Tabora inapiga sarafu za tembo, yeye alikuwa vitani chini ya bendera ya tai yuleyule. Vita ikaisha, mshahara wake na wa baba yake haujalipwa. Mwaka 1929 alifika Berlin akiwa mhudumu wa meli, akaenda kwenye ofisi za serikali kudai. Akaambiwa amechelewa.

Hakurudi. Alipata kazi ya kuhudumia wageni katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe pale Potsdamer Platz, akasaidia kufundisha Kiswahili, akaoa, akaigiza katika filamu nyingi. Mojawapo, ya mwaka 1941, ilikuwa ya kumtukuza Carl Peters. Mwaka huohuo Wanazi walimkamata kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen. Alifia huko tarehe 24 Novemba 1944.

Mbele ya Brunnenstrasse 193, alipokuwa akiishi, kuna kijiwe cha shaba kilichopachikwa chini kwenye njia ya waendao kwa miguu, chenye jina lake. Tulipofika kilikuwa kimefunikwa na theluji. Mdogo wangu aliifagia kwa kiganja, tukamsomea Fatiha.

Ninalosema ni hili. Katika vitabu vyetu vya shule ukoloni huanza na Mkutano wa Berlin, yakaja Maji Maji, ikaja vita, kila kimoja katika sura yake, na mwanafunzi wa Iramba hufunga daftari bila kujiona popote. Wakati yumo. Jiwe la kijijini kwao lilipasuliwa na watu wasiojulikana majina, likawa fedha ya dola iliyokuja kumwambia mtoto wa askari wake kwamba amechelewa kudai. Leo sarafu za tembo zinanunuliwa na kuuzwa kwenye minada ya Ulaya kwa bei ambayo mwanaapolo hawezi kuiota.

Berlin yenyewe imeanza kujihoji. Mwaka 2024 barabara iliyokuwa na jina la Peters ilibadilishwa jina, na sehemu yake sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Nimeipita, nikafurahi. Lakini jina la barabara ni hatua ya wenyeji wa mji ule. Ya kwetu ni kuwapa watoto wa Shelui na Kiomboi historia hii pamoja na hesabu zake: gramu ngapi zilitoka, nani alichimba, nani alilipwa, nani hakulipwa. Muhula ujao mimi nitaanzia hapo.