Askari wa Kijijini na Lugha ya Jeshi: Kumbukumbu ya Busia na Tororo

Tunapofundisha historia ya Kiswahili nchini Uganda, hatukosi kukutana na lawama ya siku nyingi kwamba hii ni lugha ya askari. Makala haya mafupi yanamtazama askari mwenyewe, hasa yule wa kijijini aliyeondoka asirudi.

Mwaka 1902 liliundwa jeshi la King's African Rifles (KAR), ambalo wenyeji waliliita Keya. Mwaka huohuo jimbo la mashariki la Uganda lilihamishiwa kwenye himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya, na mpaka ukawagawa Wasamia na Wateso pande mbili. Katika Vita Vikuu vya Pili, vijana wa pande zote mbili waliandikishwa. Wako waliojiunga kwa hiari, wako waliopelekwa na machifu. Msamia, Mteso na Mjopadhola walikutana chini ya amri za Kiswahili. Humo kuruta alijifunza kumwita mkubwa wake "afande", neno lenye asili ya Kituruki lililopitia Misri na Sudan.

Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma, katika bonde la Kabaw hadi mto Chindwin. Wengine hawakufika vitani. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Ceylon, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi. Ilizama kwa dakika chache. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, wakiwamo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Wanakumbukwa kwenye mnara ulio katika makaburi ya vita ya Nairobi.

Lakini kwa mama aliyebaki kijijini, jina mnarani si kaburi. Wajaluo huzika tunda la yago badala ya mwili usiopatikana. Baadhi ya Waluhya huzika mgomba. Hivyo ndivyo marehemu wa mbali anavyorudishwa nyumbani.

Ndugu wanafunzi, mwendapo likizo waulizeni wazee habari za Keya, mkaandike maneno na majina watakayowatajia. Kiswahili cha amri kilikuwa pia lugha ambayo mtoto wa mkulima alimwagia mwenzake wa kabila jingine. Anayekidharau kwa sababu ya askari na amkumbuke huyo pia.