Mafaili Yaliyofichwa Kwenye Kompyuta: Namna ya Kuyarejesha na Mambo ya Kuzingatia

Na Mwandishi Wetu

Mwombaji wa ajira anafika kwenye duka la steshenari siku ya mwisho ya kuwasilisha maombi. Anachomeka flashi yenye nakala za vyeti vyake ili avichapishe, na anakuta folda zake zote zimegeuka kuwa njia za mkato zenye alama ya mshale mdogo. Wengi wanaofikwa na hali hiyo hukubali ushauri wa kwanza wanaopewa, yaani kuifomati flashi ili kuisafisha. Ushauri huo ndio unaoleta hasara, kwa kuwa mara nyingi nyaraka huwa hazijafutwa. Zimefichwa tu, na zinaweza kurejeshwa kwa muda mfupi bila gharama yoyote.

Makala haya yanaeleza jinsi mafaili yanavyofichwa katika mfumo endeshi wa Windows, hatua za kuyarejesha, na tahadhari ambazo mwananchi anapaswa kuzichukua.

Sifa za faili ni nini?

Kila faili na kila folda huambatana na alama zinazouelekeza mfumo namna ya kulishughulikia faili au folda hiyo. Alama hizo huitwa sifa za faili, na zimekuwapo tangu enzi za MS-DOS. Sifa zinazotumika zaidi ni nne, na kila moja ina herufi yake:

R – faili ni la kusomwa tu, lisiandikwe juu yake;
A – faili limebadilishwa na linasubiri kuchukuliwa nakala ya akiba;
H – faili limefichwa, lisionekane katika orodha ya kawaida;
S – faili ni mali ya mfumo endeshi.

Sifa za H na S zina kazi halali. Mafaili kama pagefile.sys, ambalo hutumika kama kumbukumbu ya ziada ya kompyuta, na desktop.ini, ambalo hutunza mwonekano wa folda, hufichwa ili mtumiaji asiyafute kwa bahati mbaya.

Jinsi virusi vinavyotumia sifa hizi

Baadhi ya virusi vinavyosambaa kwa njia ya flashi hutumia sifa hizo hizo kumhadaa mtumiaji. Kirusi huzipa folda halisi sifa za H na S kwa pamoja, kisha huweka njia za mkato zenye majina yale yale. Mtumiaji anapobofya njia ya mkato, kirusi huanza kufanya kazi, na mara nyingi folda halisi nayo hufunguka ili asishuku jambo. Kwa namna hiyo kirusi huhamia kwenye kompyuta, na kutoka hapo huingia katika kila flashi itakayochomekwa baadaye.

Dalili moja ya kutambua kwamba nyaraka bado zipo ni kuangalia nafasi iliyotumika. Iwapo flashi inaonekana tupu, au ina njia za mkato pekee, lakini taarifa zake zinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya nafasi imejaa, kuna uwezekano mkubwa kwamba mafaili yamo.

Kwa nini njia ya kawaida hushindwa?

Windows ina chaguo la kuonyesha vitu vilivyofichwa, linalopatikana katika menyu ya View ya File Explorer. Chaguo hilo huonyesha mafaili yenye sifa ya H peke yake. Faili lenye H na S kwa pamoja huendelea kufichwa, kwa kuwa Windows hulichukulia kuwa faili la mfumo linalolindwa. Hata mtumiaji akilifikia na kufungua dirisha la Properties, kisanduku cha Hidden huwa kimefifia na hakibadiliki. Ndipo inapohitajika amri ya attrib.

Hatua za kurejesha mafaili

1. Usibofye njia yoyote ya mkato iliyomo katika flashi.

2. Tumia kompyuta yenye programu ya kukinga virusi iliyosasishwa, na uichunguze flashi yote kwanza. Kirusi kikiendelea kufanya kazi, mafaili yatafichwa tena.

3. Tazama herufi ambayo kompyuta imeipa flashi, kwa mfano E.

4. Fungua Command Prompt kwa kuandika cmd katika sehemu ya kutafutia, kisha andika amri ifuatayo na ubonyeze Enter:

attrib -r -s -h E:\*.* /s /d

Alama ya kutoa huondoa sifa, na alama ya kujumlisha huiongeza. Sehemu ya /s huagiza amri ipite katika folda zote za ndani, na /d huagiza iguse folda zenyewe pia. Ni muhimu -s na -h ziandikwe pamoja, kwa kuwa amri hukataa kuondoa moja ikiwa nyingine imebaki.

5. Mafaili yakishaonekana, nakili nyaraka zako mahali salama, kisha ufute njia za mkato. Kuna virusi ambavyo huhamishia nyaraka katika folda isiyo na jina. Ukiiona, ifungue na uchunguze kilichomo. Flashi inaweza kufomatiwa baada ya kuthibitisha kwamba kila nyaraka iliyonakiliwa inafunguka.

Tahadhari

Hakikisha herufi uliyoandika ni ya flashi, wala si C, ambayo kwa kawaida ni diski yenye mfumo endeshi. Kuondoa sifa za mafaili ya mfumo kunayaweka wazi na kurahisisha kufutwa kwake kwa makosa. Vilevile, folda ya System Volume Information ikijitokeza katika flashi isikutie shaka. Huundwa na Windows yenyewe.

Jambo la pili ni kwamba kuficha faili si kulilinda. Yeyote anayeijua amri iliyotajwa hapo juu anaweza kulifichua. Kwa mtumishi anayetunza taarifa za wananchi, sifa ya H haitoshelezi wajibu wa kuzilinda uliowekwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Taarifa za aina hiyo zinahitaji usimbaji fiche na nywila imara.

Wananchi wanashauriwa kutunza nakala za vyeti, hati na nyaraka nyingine muhimu katika sehemu zaidi ya moja, na kutokubali flashi ifomatiwe kabla ya kuangalia kwanza kama mafaili yamefichwa.