Vazi la Wanaume la Kuogelea

Mwanamume akisimama leo kando ya bahari kifua wazi, amevaa kaputula tu, hakuna anayemstaajabia. Lakini mwaka wa 1935, huko Atlantic City katika Marekani, wanaume walitozwa faini kwa kosa hilo hilo. Na tukirudi nyuma miaka 100 tena, tutawakuta Waingereza mahali pengi wakiingia baharini bila nguo yo yote, wala polisi hawaulizi neno. Haya ya watu, basi, ina historia yake.

Waingereza wa karne ya 18 walikwenda baharini kutafuta afya, kwani waganga waliwaambia ya kuwa maji ya chumvi huponya. Mtu aliingia katika kijumba cha mbao chenye magurudumu, farasi akakivuta hata majini, naye akavua nguo humo ndani, akashuka. Wanaume walioga uchi, wanawake wakiwa mbali. Kisha gari la moshi likaleta umati wa watu pwani, waume kwa wake, na wakubwa wa miji wakaanza kuwaamuru wanaume wavae suruali fupi. Wengine walichukia. Francis Kilvert, mchungaji wa Kanisa la Uingereza, aliandika mwaka wa 1874 habari za kuoga kwake huko Shanklin: mawimbi yaliishusha suruali ile hata ikamfunga miguu, akaangushwa juu ya mawe, akatoka damu. Basi akaivua. Mtu wa dini huyo, wala hakuona dhambi kuoga kama alivyozaliwa! Wazee wetu wa kando ya ziwa, walioitwa washenzi kwa kuoga vivyo hivyo, wangalicheka sana kama wangaliisikia habari hiyo.

Baadaye likaja vazi moja la sufu, kutoka mabegani hata mapajani. Sufu hunywa maji, ikawa nzito na kulegea. Katika mji wa Portland, Marekani, mwaka wa 1913, mpiga makasia mmoja aliomba kiwanda cha kufuma sweta kimtengenezee kaputula ya sufu yenye kuvutika. Kutoka hapo likatokea jina la Jantzen. Huko Sydney, mwaka wa 1928, vazi la Speedo lilikatwa mgongoni ili mabega yapate nafasi. Na mwaka wa 1933 Jantzen wakauza vazi ambalo sehemu ya juu ilishikwa kwa zipu. Polisi akiwa mkali, ifunge. Akiwa mpole, ivue. Zipu hiyo inatupendeza kuliko mengine yote, maana ilijua ya kuwa sheria inakaribia kuanguka. Miaka michache tu, na kifua kikawa wazi.

Nailoni ilifuata baada ya vita, na nguo ikazidi kuwa ndogo.

Lakini mwaka wa 2008 waogeleaji wa mashindano walijifunika tena, hata vifundoni, safari hii kwa kutafuta mbio. Vazi lile liliubana mwili na kuusaidia kuelea. Huko Roma, mwaka wa 2009, rekodi 43 za dunia zilivunjwa. Paul Biedermann wa Ujerumani alimshinda Michael Phelps katika mita 200. Watu wakauliza: nani ameshinda, mtu au nguo? Kuanzia tarehe 1 Januari 2010 wakubwa wa mchezo wakaamuru vazi la mwanamume liwe la kitambaa tu, kutoka kitovuni hata magotini. Kifua kilichokatazwa kuonekana, sasa kikakatazwa kufunikwa. Rekodi za Roma hazikufutwa, na waliokuja nyuma walipaswa kuzishinda wakiwa na kaputula.