Maji ya Moto ya Kitagata

Safari za kutafuta afya hazikuanza na ndege wala na hoteli za watalii. Magharibi mwa Uganda, wilayani Sheema katika nchi ya Ankole, pana chemchemi mbili zilizo jirani, ambazo joto lake husemwa kufikia nyuzi 80 za Sentigredi. Mahali hapo huitwa Kitagata, jina litokanalo na neno la Kinyankole lenye maana ya kuwa na joto. Ng'ambo ya mto Kagera, upande wa Karagwe nchini Tanzania, pana Mtagata, jina lenye asili iyo hiyo. Mwaka 1876 msafiri Stanley alifika huko, akakuta wagonjwa wengi wakioga. Naye aliyanywa maji hayo, lakini hakuziona nguvu alizosimuliwa.

Huko Kitagata, chemchemi moja ilikuwa ya Omugabe, mfalme wa Ankole. Falme zilifutwa mwaka 1967, lakini jina la chemchemi hiyo, Ekyomugabe, halikufutika. Ya pili wananchi waliiita Mulago, kwa jina la hospitali kuu ya Kampala iliyoanzishwa mwaka 1913. Jina hilo lina fundisho. Wagonjwa hawakudharau hospitali. Walitamani iwe karibu nao.

Nafuu ipatikanayo majini si uongo. Maji ya moto hulegeza misuli na kutuliza viungo vinavyouma, na mapumziko huondoa uchovu wa moyo. Askari aliyekesha doria anaelewa vyema jambo hilo. Lakini kujisikia vizuri ni jambo moja, na kupona ni jingine. Maji ya kuoga hayaui vijidudu vya kifua kikuu mwilini, wala hayazuii virusi vya UKIMWI. Mgonjwa wa kifua kikuu aachaye vidonge kwa kuwa mwili umekuwa mwepesi huweza kurudiwa na ugonjwa ukiwa sugu kwa dawa. Tena haumrudii peke yake: kambini watu hulala bweni moja, na hewa wanayoivuta ni moja.

Basi kila kitu kipewe haki yake. Mwenye likizo na aende Kitagata akapumzike, dawa zake zikiwa mfukoni. Mulago ya Kitagata hupumzisha mwili. Mulago ya Kampala ndiyo yenye daktari.