Wenzetu wa Kata Moja: Habari za Urafiki katika Vilabu vya Pombe vya Nairobi



Baada ya ripoti ya Mwandishi na hesabu ya Mweka Hazina, ni desturi ya kijitabu hiki kutenga kurasa chache kwa habari za kale. Mwaka huu tumechagua jambo ambalo baadhi yenu mtalistaajabia, nalo ni urafiki wa watu waliozoea kukaa pamoja katika vilabu vya pombe. Hatukulichagua kwa mzaha. Katika mkutano mkuu liliulizwa swali zito: Je, yafaa fedha za chama zimzike mtu aliyekuwa haonekani mikutanoni, ambaye watu waliokuja kumsemea ni wale tu aliokuwa akinywa nao? Mwanachama mmoja alisimama akasema, "Walevi na wazikwe na walevi." Wengine walicheka, na wengine wakanyamaza. Sisi tuliopewa kazi ya kuandika twaona kwamba swali hilo haliwezi kujibiwa vema na mtu asiyejua chama kama hiki kilitoka wapi.

Hatuandiki ili kuisifu pombe. Miongoni mwetu wako Waislamu, na wako Wakristo wa madhehebu mengi, ambao kileo kwao ni mwiko. Na wako akina mama waliolala njaa na watoto wao kwa sababu mshahara uliishia njiani. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Basi hatutamsifu mgema wala mnywaji. Twataka kunena habari za uaminifu, na uaminifu yapasa utajwe mahali pale ulipoonekana, hata kama mahali penyewe hapatupendezi.

Pombe katika boma la mzee

Kabla ya kuwako mji wa Nairobi, pombe haikuwa kitu cha kununuliwa na kila apitaye. Katika nchi ya Wakikuyu muratina ilikuwa kinywaji cha wazee. Ilimiminwa chini kwa heshima ya wazazi waliokwisha kufa, nayo ilinywewa penye mahari na penye kukata maneno, wala kijana hakuthubutu kuigusa. Pwani, kwa Wamijikenda, kadzama ya mnazi ilitangulia posa na baraza. Magharibi, Abaluhya na Iteso walikizunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu, huku maji ya moto yakiongezwa kidogo kidogo.

Kukaa penye chungu kulikuwa na sheria. Kwa Iteso mrija hushikwa kwa mkono wa kuume, wala haifai mtu kupuliza ndani yake. Sheria hizo hazikuwa za adabu tu. Chungu ni kimoja na vinywa ni vingi, na mwenye nia mbaya aweza kuwadhuru wote. Kwa hiyo mtu aliyekubali kuketi penye chungu pamoja na jirani yake alikuwa ametoa ushahidi mbele ya watu kwamba hana kisasi naye. Na katika makabila yetu mengi aliyepika ndiye aliyeonja kwanza, mbele ya macho ya wageni, ndipo akawapa. Twaomba wasomaji wailinde desturi hiyo ya kuonja katika fikira zao, maana tutairudia.

Mji wa wageni, na kilabu cha Manispaa

Reli ilifika Nairobi katika mwaka 1899, na watu wakaifuata. Wengi walikuja wanaume peke yao, wakiwa wameacha wake na wazazi nyumbani, maana mshahara ulikadiriwa kana kwamba mfanyakazi hana jamaa, na nyumba za kazi zilikuwa vyumba vya kulala tu. Tangu miaka ya 1919 na 1920 kila mwanamume Mwafrika alilazimika kuchukua kipande. Kipande kilionyesha jina lake, alama za vidole vyake na bwana aliyemwajiri. Lakini hakikuonyesha ni nani atakayemletea uji akiugua.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Manispaa ilianzisha mtaa wa Pumwani, na huko ikafungua kilabu chake cha pombe, kilichoitwa na wengi kanteni. Jambo hili lilikuwa na mfano wake katika Afrika ya Kusini. Sheria ya Natal ya mwaka 1908 iliupa mji wa Durban njia ya kushika peke yake kazi ya kupika pombe na kuwauzia Waafrika, na faida yake ikalipia gharama za kuwatawala Waafrika wale wale. Nairobi ilishika njia hiyo hiyo. Mnywaji wa Pumwani alilipia pombe yake, na kwa pombe hiyo akalipia pia sehemu ya huduma za maslahi yake mwenyewe mjini. Bia ya chupa ya kizungu hakuruhusiwa kuinunua mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili.

Kwa kuwa Manispaa ilitaka kuuza peke yake, mama aliyepika nyumbani alihesabiwa kuwa mwenye hatia. Askari waliingia usiku, wakachoma ardhi kwa vyuma kutafuta madebe yaliyofukiwa, wakamwaga pombe na kuwapeleka wanawake mahakamani. Wengi wa wanawake hao walikuwa na watoto wa kulisha wala hawakuwa na kazi nyingine iliyoruhusiwa. Huko Durban uchungu wa namna hiyo uliwaka moto: wafanyakazi walivisusia vilabu vya Manispaa katika mwaka 1929, na katika mwaka 1959 wanawake wa Cato Manor walivivamia wakawatoa wanaume humo kwa fimbo. Kwetu mama mpishi alivumilia, akalipa faini, akaanza tena. Wazee wetu husimulia kwamba wateja wa siku zote ndio waliochanga faini hiyo. Hawakufanya hivyo kwa huruma peke yake, maana mama huyo ndiye aliyewawekea akiba zao na kuwatunza barua zao.

Zamu na kiti kitupu

Sasa tuseme urafiki wenyewe ulivyokuwa. Jioni mtu alitoka kazini, akaenda kwenye benchi lile lile, akawakuta watu wale wale. Huyu alikuwa mpishi wa Mzungu, huyu mpiga pasi, huyu fundi seremala, huyu mkokota mkokoteni. Pengine kila mmoja alikuwa na lugha ya mama yake, na Kiswahili kikawaunganisha. Kununua kulikwenda kwa zamu. Aliyepoteza kazi hakuambiwa aondoke; zamu yake ilirukwa bila neno, na kata ikamfikia kama kawaida. Alipopata kazi tena, yeye mwenyewe alijua la kufanya. Ajuaye kusoma aliwasomea wenzake barua kutoka nyumbani, na habari aliyoisoma hakuitoa nje ya benchi. Anayekwenda likizo alipewa fedha na nguo za kuwapelekea jamaa za wengine, na hapakuwa na hati wala shahidi.

Lakini desturi iliyopita zote ilikuwa ile ya kiti kitupu. Mtu akikosa jioni moja, hapana neno. Akikosa jioni ya pili, watu waliulizana. Jioni ya tatu mmoja wao alitumwa kwenda kumtazama chumbani, au kwa mwajiri wake, au hospitali, au kituo cha polisi. Katika mji ule kulikuwa na hofu moja kubwa kuliko njaa, nayo ni kufa bila kujulikana, mtu akazikwa na Manispaa kama mzigo usio na mwenyewe, na wazazi wake wakaendelea kumngoja miaka mingi. Wenzake wa benchi ndio waliokuwa ukuta baina yake na aibu hiyo. Kofia ilizungushwa, senti zikaingia, na habari ikapelekwa nyumbani.

Hapo ndipo tunapokutana na chama chetu. Tumelifungua daftari la kwanza, lenye kurasa zilizogeuka rangi. Mikutano ya mwanzo imeandikwa kwamba ilifanyika "mahali pa kawaida". Sisi tulidhani ni nyumba ya mmoja wa waasisi. Wazee walipoulizwa walitazamana wakatabasamu. Mahali pa kawaida palikuwa benchi la kilabu. Mwandishi wa siku hizo aliona haya kuliandika jina lake, lakini hakuona haya kuandika majina ya waliotoa, na jambo la kwanza walilolitolea ni mazishi. Vyama vingi vya maslahi vya Waafrika mjini vilianza kwa haja hiyo hiyo ya kuzika na kusafirisha maiti. Vingine vilianzia kanisani, vingine msikitini, vingine katika ukoo. Chetu kilianzia hapo, nasi hatuna sababu ya kuficha.

Jaribio

Tusije tukawapamba watu wale kupita kiasi. Palikuwa na marafiki wa siku ya mshahara tu, ambao fedha zikiisha na wao huisha. Palikuwa na ngumi, na deni lisilolipwa, na mtu aliyeuza siri ya mwenzake kwa askari kanzu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki ilikuja.

Katika mwaka 1953 Mau Mau walitoa amri watu wa Nairobi wasipande mabasi, wasivute sigara, wasinywe bia ya kizungu, na aliyevunja amri alijua hatari yake. Mabenchi mengi yalibaki matupu. Kisha tarehe 24 Aprili 1954 Serikali ikauzingira mji katika msako ulioitwa Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu walipangwa mistari, wakachujwa, na wengi wakapelekwa katika kambi za Langata, Manyani na Mackinnon Road. Wenzao wa makabila mengine waliachwa nyuma, wakitazama vyumba vilivyofungwa na vitu vilivyoachwa ndani.

Wazee husimulia mambo mawili ya siku zile, na yote mawili yapasa yaandikwe. Wako waliovunja milango wakagawana baiskeli na mablanketi ya watu waliokunywa nao juma lililotangulia. Na wako walioweka. Mzee mmoja wa magharibi, aliyekuwa mpiga pasi, alilichukua sanduku la zana la fundi mwenzake wa benchi, akaliweka chini ya kitanda chake kwa miaka yote fundi yule alipokuwa kizuizini. Alihama nyumba, akahama nalo. Alikosa kazi, akashauriwa auze randa na misumeno, akakataa. Fundi aliporudi alilifungua sanduku mbele yake, akahesabu, akakuta kila kitu kimo, na vyuma vimepakwa mafuta visipate kutu. Husemwa kwamba hawakuambiana neno. Walikwenda kukaa mahali pa kawaida, na mpiga pasi akanunua, kwa kuwa ilikuwa zamu yake tangu 1954.

Habari za siku zetu

Vilabu vile vya Manispaa vimekwisha, na mambo yamegeuka. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1980, ikapikwa gizani. Sheria ya mwaka 2010 ikairuhusu tena kwa leseni. Katika miaka ya giza, biashara iliingiliwa na watu wasiomjua mnywaji wala kujulikana naye. Mwezi wa Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi, wengi katika mitaa ya Mukuru, kwa kunywa pombe iliyotiwa sumu ya methanoli. Wengine walipona wakiwa vipofu. Hapo ndipo twairudia desturi ya kuonja. Mama mpishi wa zamani alionja kwanza, kisha akakaa pamoja na wateja wake mpaka usiku. Aliyeuza sumu ile hakuwa na mwenzake penye chungu. Twaona kwamba sheria na askari ni vya lazima, lakini vilikuja mahali pa kitu kilichokuwa kimekwisha kuvunjika, yaani kujuana.

Basi turudi kwenye swali la mkutano mkuu. Wenzake wa marehemu yule walipokuja ofisini hawakuja mikono mitupu. Walileta bahasha ya mchango wao wenyewe, na karatasi yenye orodha ya majina, na mbele ya kila jina kiasi alichotoa. Ni wao waliokwenda kumtafuta chumbani jioni ya tatu. Sisi chama, wenye katiba na muhuri, hatukuwa na habari kwamba haonekani. Tumeiweka orodha ile kando ya ukurasa wa kwanza wa daftari letu la kale, na mpangilio ni ule ule.

Kwa hiyo twapendekeza kwa Halmashauri mambo mawili. La kwanza, ushahidi wa watu wa namna hiyo upokewe kama ushahidi wa jirani mwingine yeyote, na waandikwe wanachama kama wapendavyo. La pili, kila tawi liteue mtu wa kuuliza habari za mwanachama aliyekosa mikutano miwili, kabla ya kumwandikia barua ya kudai ada. Anywaye na asiyekunywa, wote wana jioni yao ya tatu. Mungu atujalie siku hiyo tuwe na mtu wa kutumwa.

Ni sisi wenu katika utumishi wa chama.